Wachezaji wa kikapu cha mtaani hulipwa na nani?

Kaka Mkubwa:
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu ana umri wa miaka 17 na hushinda akitazama video za Grayson Boucher, yule Mmarekani aitwaye The Professor. Sasa ameniambia kwamba anataka kuishi kwa kucheza kikapu cha mtaani, si cha klabu. Sipendi kumkatisha tamaa kwa jambo nisilolijua, hivyo naomba mnieleze: watu hao hulipwa na nani, ikiwa hakuna klabu iliyowaajiri?

Mzee wa Ubao:
Kwa miaka mingi hawakulipwa na mtu. Mashindano yaliyoanzishwa na Holcombe Rucker huko Harlem, New York, yalimpa mchezaji jina, lakini jina halilipi kodi ya nyumba. Earl Manigault, mchezaji wa huko ambaye nyota Kareem Abdul-Jabbar mwenyewe alimsifu, hakucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, hata siku moja. Mambo yalibadilika pale kampuni ya viatu ya AND1, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilipopata mkanda wa video wa Rafer Alston, kijana wa Queens, huko huko New York, aliyepewa jina la Skip to My Lou, akiwapiga watu chenga. Waliusambaza mkanda huo ili kuuza viatu, na baadaye wakaajiri kikosi kizima kilichozunguka mji kwa mji huku televisheni ya michezo ya ESPN ikiwaonyesha. Kwa ufupi, mlipaji alikuwa muuza viatu.

Nasra:
Naongezea kwamba Alston hakubaki mtaani. Timu ya NBA ya Milwaukee Bucks ilimchagua mwaka 1998, akiwa wa 39 katika uteuzi wa wachezaji wapya, na mwaka 2009 alikuwa katika kikosi cha kwanza cha Orlando Magic kwenye fainali za NBA dhidi ya Lakers, ingawa huko madoido ilibidi yapungue. Boucher alipita njia nyingine: mwaka 2003 alijitokeza kwenye majaribio ya wazi ya AND1, kijana mwembamba ambaye hakuna aliyemtazamia, akaondoka na mkataba. Enzi ya ziara hizo ilipopita, akahamia YouTube, ambako amewahi hata kucheza akiwa amevaa kama Spider-Man (wanangu hawachoki kuitazama hiyo). Leo anayemlipa ni mtangazaji wa bidhaa anayemfuata mtazamaji.

Kaka Mkubwa:
Nawashukuru. Je, kikapu cha watatu kwa watatu, kile cha Olimpiki, si ndicho hicho hicho?

Mzee wa Ubao:
Asili ni moja, kazi ni mbili. Kile huchezwa nusu uwanja kwa dakika 10, au hadi timu moja ifikishe pointi 21, na kila shambulizi lina sekunde 12 tu, kwa hiyo anayesimama kumchezea mpinzani mbele ya watazamaji anaigharimu timu yake. Malipo yake hutegemea ushindi, kwa sababu mashindano ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, yana zawadi za fedha. Kwa njia ya Boucher, kufunga peke yake hakutoshi. Kabla hujamjibu mdogo wako, muulize kwanza ni nani atakayekuwa akimrekodi.