Gari jipya limegongwa yadini kabla sijakabidhiwa. Nilipokee likishanyooshwa?

MamaWaLupembe

Wadau, heshima kwenu. Naomba wenye uzoefu wa kununua gari jipya kwa wakala, siyo la mtumba kutoka Japani, wanisaidie kabla sijatia saini kitu chochote.

Nimenunua pikapu mpya ya kabini moja kwa ajili ya kukusanya parachichi kwa wakulima wa Lupembe na Wanging'ombe. Bei ni shilingi milioni 92. Milioni 30 nimetoa mwenyewe, akiba ya misimu kadhaa, na zilizobaki benki imeshawalipa. Gari limeshasajiliwa TRA, kadi ina jina langu na la benki, bima kubwa imeshakatwa. Kilichobaki ni mimi kushuka Dar kulichukua.

Mdogo wangu anayeishi Tabata akapita yadini kwa wakala kuliangalia. Akalikuta limeegeshwa nyuma kabisa, ubavu wa kushoto umeelekezwa ukutani. Alipojipenyeza akaona bodi la nyuma limebonyea kuanzia juu ya tairi hadi karibu na kabini, taa imepasuka, na pembe ya kabini pale nyuma ya mlango imeingia ndani. Mlinzi akamwambia lori lao lilikuwa linarudi nyuma likaligonga. Mimi hakuna aliyenipigia. Asubuhi ya siku hiyo hiyo muuzaji alikuwa amenitumia ujumbe kwamba gari lipo tayari, karibu mama. Hilo limeniuma kuliko bati lenyewe.

Nilipompigia akasema ni mkwaruzo tu, gereji yao italinyoosha na kupiga rangi, sitaona tofauti, na wataniongezea mazulia na sevisi ya kwanza bure. Nilipokataa akaja na la pili: kwa kuwa bima kubwa ipo hai kwa jina langu, nijaze fomu ya madai, bima ilipe matengenezo. La tatu, kama nang'ang'ania jingine nisubiri meli ijayo, na hawezi kuniambia ni lini. Wakati huo huo rejesho langu la kwanza benki ni mwisho wa mwezi.

Maswali yangu: je, nina haki ya kulikataa wakati limeshasajiliwa kwa jina langu? Hiyo habari ya kutumia bima yangu ni sahihi? Na likinyooshwa vizuri, linarudi kuwa jipya kweli? Mimi nimelipa bei ya gari ambalo halijawahi kugongwa. Picha nimeweka hapo chini.

FundiBodi_Mwanjelwa

Shikamoo mama. Mimi nanyoosha bodi hapa Mbeya, nimeziangalia picha zako zote. Naomba utenganishe vitu viwili, maana wao wanavichanganya makusudi.

Bodi la nyuma lisikutishe. Kwenye pikapu bodi limefungwa kwa bolti juu ya chasisi. Linang'olewa lote na kuwekwa jipya, na taa vilevile. Kama uharibifu ungeishia hapo ningekwambia wadai bodi jipya, siyo la kunyoosha, kisha upokee gari yako.

Tatizo ni pembe ya kabini. Ile haina bolti, imechomelewa, na ndiyo nguzo inayoshika komeo la mlango. Ikiingia ndani hata kidogo, mlango haukai sawasawa na mpira wake. Fundi mzuri ataivuta irudi, lakini kwa barabara ya Lupembe, vumbi kiangazi na tope masika, utakuja kuona maji na vumbi vinapita pale.

Umeuliza kama inarudi kuwa mpya. Hapana, na nitakueleza kwa nini. Kiwandani kabini ikiwa tupu, bila nyaya wala plastiki, inazamishwa nzima kwenye dawa ya kuzuia kutu inayovutwa na umeme hadi ndani ya mikunjo ya bati. Kisha inaingia kwenye tanuri, joto linaweza kupita nyuzi 140. Sisi gereji gari inakuja ikiwa na nyaya, viti na dashibodi, hatuwezi kuioka hivyo. Tunatumia rangi ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, na hata kwenye chumba cha rangi cha kisasa joto ni kama nyuzi 60. Kwa nje itang'aa. Ila ndani ya mkunjo, pale nyundo ilipogonga au moto wa kuchomelea ulipopita, ile dawa ya kiwandani imeshaungua au imepasuka, na kutu huanzia humo humo usikokuona.

Ushauri wangu: mtu wako aende na kifaa cha kupima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida inasoma kati ya maikroni 100 na 180. Ikiwa imepigwa rangi juu ya rangi utaona 200 na zaidi. Ikisoma 500, 800 au kupita hapo, chini kuna puti, ule udongo wa kujazia bati lililobonyea. Na wasianze kuinyoosha kabla hujakubaliana nao. Wakishaweka puti hakuna atakayejua bati lilikuwa limeingia kiasi gani.

Mstaafu_Mikopo

Dada, nilikuwa afisa mikopo miaka mingi kabla ya kustaafu. Hilo la bima usilikubali kabisa.

Bima kubwa ni yako, ya kukulinda wewe. Ukijaza fomu ya madai, kuna kiasi utabeba mwenyewe kabla bima haijalipa, unapoteza punguzo la mtu asiye na madai mwakani, na gari lako linaingia kwenye kumbukumbu kwamba liliwahi kupata ajali ukiwa wewe ndiye mmiliki. Halafu fomu itakuuliza nani alikuwa analiendesha na wapi. Utaandika nini? Gari halijawahi kuwa mikononi mwako. Aliyeligonga ni mfanyakazi wao, kwa lori lao, ndani ya yadi yao. Watumie bima yao au walipe mfukoni.

Pili, iandikie benki leo, usingoje. Hilo gari ndilo dhamana ya mkopo, na dhamana iliyogongwa siyo ile waliyoithaminisha. Benki ikijua, una mtu mzito wa kusimama na wewe, maana wakala anawahitaji wale watu kwa wateja wengine. Omba kwa maandishi rejesho la kwanza lisogezwe mbele hadi ukabidhiwe gari. Hawalazimiki kukubali, ila nimeona maombi ya namna hiyo yakikubaliwa mara nyingi, hasa mteja akija mapema na picha. Akija baada ya kushindwa kulipa, lugha inakuwa nyingine.

Kiboroloni

Mimi nina mawazo tofauti kidogo, msinipige mawe. Mjomba wangu ilimtokea hivi hivi Moshi. Aligombana nao miezi, gari limekaa, riba inakimbia, mwisho akapokea lile lile. Mama ana msimu wa kuwahi. Angedai wapunguze pesa ya kueleweka, siyo mazulia, milioni kadhaa, achukue gari afanye kazi. Pikapu ya parachichi itakwaruzwa na makreti wiki ya kwanza tu.

Mikataba_Dom

Kiboroloni, kupunguziwa bei ni njia halali na wengine inawafaa. Ila achague mwenyewe akiwa anajua haki yake, siyo kwa sababu amechoshwa.

Mama, nafanya kazi za mikataba ya biashara Dodoma. Nitakujibu kwa ujumla. Ukifika mahakamani utahitaji wakili aliyeushika mkataba wako mkononi.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Kanuni yake ya kawaida ni kwamba hatari ya mali kuharibika inafuata umiliki. Hapo ndipo watakapokukamata: watasema limesajiliwa kwa jina lako, ni lako, limegongwa likiwa lako. Usiogope. Sheria hiyo hiyo inasema kanuni hiyo haimwondolei muuzaji wajibu wake kama mtu anayetunza mali ya mwenzake. Maana yake, hata tukikubali kwamba gari lilishakuwa lako, wao walikuwa wanakutunzia, na mtunzaji aliyezembea anawajibika. Lori lililorudi nyuma bila mtu wa kuelekeza ni uzembe. Kwa hiyo wakikuvuta kwenye mabishano ya gari lilikuwa la nani siku ile, usipoteze nguvu nyingi huko. Njia zote mbili zinaishia mlangoni kwao.

Jambo la pili ndilo la kushika sana. Mnunuzi ambaye hajaiona bidhaa hahesabiwi ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Lakini ukitia saini fomu ya makabidhiano, ambayo karibu zote zina sentensi ya "nimepokea gari likiwa katika hali nzuri", umejifungia mlango. Au ukalichukua ukalitumia kwa wiki kadhaa ndipo ukalalamika, vilevile. Ukishahesabiwa umekubali, kinachobaki ni kudai fidia. Kulirudisha gari inakuwa ngumu mno. Mwambie mdogo wako naye asitie saini chochote kwa niaba yako, hata daftari la mlinzi akiambiwa ni la kawaida tu.

Andika barua. Simu haitoshi. Wakikaidi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inashughulikia pia kumlinda mlaji. Ule ujumbe wa "lipo tayari" uliotumiwa wakati gari limebonyea, utunze kama unavyotunza kadi ya benki.

MamaWaLupembe

Marahaba Fundi, na asanteni wote. Kiboroloni, sijakasirika, msimu ndio unaoninyima usingizi. Lakini nimefikiria hivi: hili gari nitalilipia miaka minne. Kila nikifungua ule mlango nitakuwa nalipia pembe iliyonyooshwa. Na siku ya kuliuza, mnunuzi atakuja na kifaa alichosema Fundi, na mimi ndiye nitakayeonekana mwongo.

Benki nimeshaipelekea picha. Barua kwa wakala nimeandika hivi, naomba mnisahihishe:

"Yah: Kukataa kupokea gari lililoharibika kabla ya makabidhiano. Nilinunua kwenu gari jipya na nimelilipia lote. Gari hilo limegongwa na lori lenu ndani ya yadi yenu kabla sijakabidhiwa. Sijalikagua wala kulikubali, na sitatia saini fomu ya makabidhiano kwa gari hilo. Siruhusu matengenezo yoyote yafanyike hadi tukubaliane kwa maandishi. Sitatumia bima yangu. Naomba mnipatie gari jingine jipya la aina hiyo hiyo, na gharama zote za kubadilisha usajili na bima mzibebe ninyi. Msipoweza, naomba fedha zote zirudishwe kwangu na kwa benki. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku saba."

Mikataba_Dom

Imekaa vizuri. Ongeza namba ya chasisi, namba ya ankara na tarehe ya malipo, ili wasije kusema hawajui ni gari gani. Na weka maneno "nakala: benki" mwishoni. Ipelekwe kwa mkono, mdogo wako agongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, kisha itume na kwa barua pepe.

MamaWaLupembe

Narudi kuwapa taarifa. Barua ilipopokelewa walikaa kimya. Benki ilipowapigia, aliyenitafuta safari hii ni meneja wao mwenyewe, na kwa mara ya kwanza mtu aliniomba radhi. Kwanza alinipa ofa ya bodi jipya pamoja na kupunguza milioni tano. Nikamuuliza, na kabini? Akasema itanyooshwa. Nikakataa, nikamweleza habari ya kuzamishwa kwenye dawa na tanuri kama Fundi alivyonifundisha. Akanyamaza kidogo, akasema atarudi.

Amerudi. Lipo jingine tawi lao la Arusha, jeupe, mimi niliagiza la kijivu. Nimekubali jeupe. Usajili na bima vya gari jipya ni juu yao, yote wameyaandika, na benki wamekubali kusogeza rejesho la kwanza. Linaletwa Dar juu ya trela, sikutaka liendeshwe.

Fundi, mdogo wangu ataangalia nini siku ya kulipokea?

FundiBodi_Mwanjelwa

Hongera mama. Aende mchana, siyo jioni, gari iwe imeoshwa na kukauka, isiwe na maji juu. Alinganishe namba ya chasisi ya kwenye gari na ya kwenye kadi mpya, tarakimu kwa tarakimu. Aangalie bolti za fenda na bawaba za milango: rangi juu ya bolti ikiwa imechubuka, ujue kuna kitu kilishafunguliwa. Apapase kingo za mipira ya milango kutafuta rangi iliyorukia, na aangalie ubavu kwa kuulaza jicho, asione sehemu yenye vinundu kama ganda la chungwa wakati kwingine ni laini. Taa mbili za nyuma zina tarehe ya kutengenezwa, zisipishane sana. Chini ya gari, hasa ilipofungwa minyororo ya trela, apige picha. Aombe ripoti ya ukaguzi wa kabla ya makabidhiano, ile wanayoiita PDI, yenye saini ya fundi wao. Kifaa cha kupima rangi nina cha kumwazima, nakuja Dar Alhamisi kuchukua spea. Nitumie namba yake kwa faragha, tukague pamoja.