Tupeane uzoefu, wana Dodoma: PC ya gemu inahitaji RAM kiasi gani hasa?

Wakuu habari. Swali ni lile lile: RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, iwe GB 8, 16 au 32? Uzi huu ni wa vipimo. Ukichangia taja gemu, prosesa, idadi ya vijiti vya RAM na kinachosomeka kwenye Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya mashine). "Inapiga freshi" haitusaidii. Bei pia tuziache, zinabadilika kabla basi halijafika Gairo.

Fundi wa Area C
Pima kwanza, nunua baadaye. Fungua gemu pamoja na vyote unavyoviacha wazi ukicheza: kivinjari, Discord, muziki. Cheza dakika 40 kwenye sehemu nzito ya gemu, siyo kwenye menyu. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, halafu Memory.

Angalia namba mbili. In use ni kinachotumika sasa hivi. Committed ina namba mbili zenye mkwaju katikati. Ya kulia ni kikomo, yaani RAM yako jumlisha faili la akiba la Windows lililoko kwenye diski. Ya kushoto ikigusa ya kulia, gemu inajifunga yenyewe bila hata kuaga. Ndiyo maana wanaozima hilo faili wakidhani wanaongeza kasi hupata matatizo hata wakiwa na GB 16.

Cached isikutishe. Hiyo ni RAM iliyokaa bure ambayo Windows imeitunzia vitu. Gemu ikiitaka inaachiwa. Na usichukue kipimo cha mashine ya rafiki yenye GB 32. Windows ikiona nafasi kubwa hujitanua, kwa hiyo GB 18 kwake haimaanishi kwamba 16 kwako haitoshi.

Dalili ya kweli ya upungufu: fremu (picha kwa sekunde) ziko vizuri, ghafla picha inaganda nusu sekunde kila unapoingia eneo jipya, na diski inasoma asilimia 100. Andika resmon kwenye Start, fungua Memory, tazama Hard Faults/sec, yaani mara ngapi kwa sekunde data inafuatwa kwenye diski badala ya RAM. Ikiruka juu kila picha inapoganda, RAM imeisha. Ikitulia, mchawi ni mwingine, usimwage hela.

Jirani wa Nzuguni
Mkuu, na hizi OptiPlex za mtumba (kompyuta za ofisi za Dell), prosesa i5-7500, GB 8 kijiti kimoja, bila kadi ya picha? Vijana wanataka FC 24, gemu ya mpira.

Fundi wa Area C
FC 24 inataka GB 8 kwa uchache na 12 kwa kupendekezwa. Lakini HD 630, sehemu ya picha iliyo ndani ya hiyo prosesa, haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM hiyo hiyo, na kijiti kimoja kinaipa njia moja tu ya kupitisha data. Ongeza kingine cha 8, hapo utaona mabadiliko. Ila tusidanganyane: kadi ya chini kabisa kwa FC 24 ni GTX 1050 Ti, na HD 630 iko chini yake hata ukijaza GB 32. Kama kasha ni lile jembamba, tafuta kadi fupi ya kimo (low profile) isiyotaka waya wa ziada wa umeme. Kile kiboksi kidogo cha Micro hakiingii kadi, na RAM yake ni ya laptopu.

Dada wa Makole
Kwa wanaoagiza Kariakoo: mzigo ukishapakiwa hauna tena nafasi ya kujaribu, kwa hiyo omba picha ya lebo kabla ya kutuma hela. DDR3, DDR4 na DDR5 (vizazi vya RAM) zina pengo sehemu tofauti, hazibadilishani. Kwenye lebo kama PC4-2400T-UA2, herufi baada ya kistari cha mwisho ndiyo muhimu. U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu, R ni ya seva. Ya R inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, halafu mashine haiwaki. Mara nyingi ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupa.

Kuchanganya 8 na 4 kwenye Intel kunakubali: GB 8 za kwanza zinaenda njia mbili, 4 zilizobaki njia moja. Siyo dhambi, ila ukiweza weka mbili zinazofanana.

Kijana wa Kisasa
Kwa mashine mpya, 16 ndiyo mwanzo. Hogwarts Legacy inaanzia hapo. Flight Simulator 2024 inapendekeza 32. Counter-Strike 2 na GTA V zinaridhika na 8, mradi kivinjari kifungwe.

Sloti zikiwa nne na vijiti viwili, kwa kawaida weka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) uwashe XMP, au EXPO kwa AMD, ili RAM ifikie kasi iliyoandikwa kwenye lebo. Bila hivyo kijiti cha kasi ya 3200 kinaweza kutembea 2133 au 2400. Mazabodi (bodi kuu) kama za H110 hazivuki 2400 hata ufanyeje, usilipie kasi ya bure. Kwa DDR5 nunua viwili vikubwa, siyo vinne vidogo, maana vikiwa vinne kasi hushuka sana. Na mara ya kwanza kuwasha skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Inajipima. Usizime!

Jirani wa Nzuguni
Nimeelewa. Na ikianza kulia bipu baada ya kuongeza kijiti?

Fundi wa Area C
Kwa vumbi letu hili la kiangazi, safisha kwanza. Zima, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Hewa yetu kavu inajaza umeme tuli mwilini. Futa pini kwa isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, puliza sloti kwa blowa huku umeshika feni isizunguke. Rudisha kijiti kimoja kimoja mpaka kilio cha "ka" kisikike. Ikiendelea kulia, jaribu kila kijiti peke yake kwenye sloti ile ile. Ikiwaka lakini inaleta skrini ya bluu, weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi uiache izunguke mara nne usiku. Kosa hata moja, rudisha kijiti.