Mrejesho: Barua ya mapendekezo imepatikana

Niliwaomba ushauri kuhusu profesa aliyesimamia tasnifu yangu, ambaye alikubali kuniandikia barua ya mapendekezo kwa ombi langu la shahada ya uzamili nchini Uingereza, kisha akanyamaza huku siku ya mwisho ikikaribia. Wengi wenu mlinihimiza nimkumbushe kwa barua pepe fupi, na mmoja akasema niende ofisini. Nilifanya yote mawili.

Katika barua pepe nilijibu ujumbe wetu wa awali ili asilazimike kuutafuta, nikataja tarehe ya mwisho kwenye kichwa cha habari, nikaambatisha wasifu wangu na nakala ya matokeo, na nikamweleza kwamba kiungo cha kupakia barua hutumwa moja kwa moja na mfumo wa chuo kinachopokea maombi, hivyo huenda kimeangukia kwenye barua taka. Kimya kikaendelea.

Ndipo nikapanda matatu kutoka Kakamega hadi Kisumu. Katibu wa idara (watu hawa hujua mengi kuliko tunavyodhani) aliniarifu kwamba profesa yuko nyanjani Budalang'i na hasomi barua pepe, akampigia simu papo hapo. Kiungo kilikuwa kwenye barua taka kweli, na barua ikapakiwa jioni ileile.

Mhadhiri niliyemwomba awe akiba nimemshukuru na kumjulisha kwamba hahitaji tena kuandika. Sasa nasubiri majibu ya chuo.