Hedhi imekata kabisa tangu nianze sindano, hiyo damu inaenda wapi?

MamaK_Nkuhungu: Habarini wadau, mi niko Dodoma hapa Nkuhungu, baada ya kujifungua nikaanza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mwanzoni ilikua matone matone kila mara pedi haitoki kwenye mkoba, sahivi hedhi imekata kabisa na kilo zimepanda sketi hazifungi, mama mkwe yuko Kongwa anasema damu chafu inajazana tumboni itakua uvimbe. Na mwakani tunataka mtoto wa pili, ntashika mimba kweli au nihamie kijiti cha mkononi?

binti_mpwapwa: Haijazani popote shoga. Hedhi ni ule utando wa ndani ya kizazi unaobomoka mimba isipotunga, sasa sindano inazuia yai kupevuka na utando unabaki mwembamba, usipojengeka utabomoka nini? Plus ute wa mlango wa kizazi unakua mzito mbegu hazipiti. Kilo ni kweli, wengine inawaongezea hamu ya kula balaa

Mkuu wa Kaya: Wife ilimkausha kizazi hiyo, kaacha mwaka mzima kimya. Tumieni kalenda, kuhesabu siku tu

nesi_mstaafu: Hajakauka kaka, sindano ndo zake. Dawa inakaa kwenye msuli inatoka kidogo kidogo, hata miezi mitatu ikipita mabaki yapo, wengi wanashika kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho na wengine inazidi mwaka. Kwa hiyo MamaK kama ni mwakani usichome tena, ila usikae hivihivi maana wengine wanawahi, tumieni kondomu au vidonge mpaka mjipange. Kijiti kizuri, kikitolewa tu homoni inaisha ndani ya siku chache, lakini ni cha miaka 3 mpaka 5 kutegemea aina, kuweka cha kutoa mwakani mi naona usumbufu. Na ukiwa kwenye dozi ya TB sema mapema, rifampisini, moja ya dawa za TB, inakipunguza nguvu

MamaK_Nkuhungu: Asante dada nesi. Si wanasema kinatembea mpaka kwenye moyo?

nesi_mstaafu: Hiyo ni nadra mno. Kikiwekwa vizuri kinakaa palepale chini ya ngozi ya mkono, ukipapasa unakigusa kama njiti ya kiberiti, usiondoke kliniki hujakipapasa

MamaK_Nkuhungu: Kadi inasema nirudi wiki ijayo, ntaenda kuomba vidonge. Sasa mama mkwe nani atamwambia 😂

binti_mpwapwa: Mtume mwanae