Kuku wa kikaango kimoja na majani yake: yaliyokukuta yamwage hapa, tupeane uzoefu

KikaangoKimoja (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Jana jirani hapa tunapopanga alikuwa anakaanga kuku na rozimeri. Harufu ikapita juu ya silingibodi ikanikuta nimelala, nikakumbuka enzi za geto zote kwa mpigo: jiko la pleti moja, mtungi mdogo ambao hujui utakata lini, kikaango kimoja kizito na kuku wa kisasa.

Utaratibu wengi mnaujua. Mapaja yenye mfupa na ngozi, yafute maji kwa kitambaa mpaka yakauke kabisa. Chumvi, pilipili manga. Ngozi chini, moto wa kati, halafu USIGUSE. Ngozi ikiiva inajiachia yenyewe, ukivuta ikagoma ujue bado. Geuza. Sukumizia vitunguu, viazi vilivyokatwa vidogo vidogo, saumu nzima na maganda yake, tawi la rozimeri, maji kidogo, funika. Nusu saa hivi au zaidi kidogo, kutegemea ukubwa wa paja. Fungua, acha maji yakauke, kamulia ndimu. Chombo cha kuosha ni kimoja.

Leteni yenu. Nani aliunguza, nani alifukuzwa nyumba, nani aliolewa kwa kuku huyu.

Mzee_wa_Mabano
Naweka kambi hapa. Sijui kupika ila najua kula.

ShekilangoBoy
Mkuu umeruka hatua ya kwanza. Kuku hujamwosha?

Zaatari_Muscat
Mie huku naitia zaatari kavu tangu mwanzo, na ile ndimu kavu nyeusi naitoboa kwanza halafu naitupia ndani ichemke na kuku. Usipoitoboa inakaa tu humo haitoi kitu. Kotmiri mwisho kabisa, jiko umeshazima. Majani laini ukiyatia mapema yanakuwa meusi, harufu yote imekwenda na mvuke.

Msomi_Leeds
Umenikumbusha bweni la wanafunzi, mwaka wangu wa kwanza Uingereza. Nimepata oveni kwa mara ya kwanza maishani, nikaiweka nyuzi 220, trei moja: mapaja, viazi, karoti, thaimu, mafuta ya kutosha. Mafuta ya kuku yakaanza kuruka yakadondokea chini ya oveni, moshi, mara king'ora cha moto kikalia. Jengo zima, ghorofa zote, tukatolewa nje usiku wa Januari. Watu wamevaa taulo. Zimamoto wakaja na gari kubwa, wakapanda, wakashuka, mmoja akauliza kwa upole chumba namba fulani ni cha nani. Kuku alikuwa ameiva vizuri sana, lakini hakuna aliyetaka kuonekana anamla.

Na kwa ShekilangoBoy: kuku haoshwi. Mwaka 2014 wakala wa viwango vya chakula wa huku walifanya kampeni nzima kuwaambia watu waache, maana maji yanarusha vijidudu vya kampilobakta kwenye sinki, nguo na kachumbari yako. Kinachoua vijidudu ni moto. Nyama ifike nyuzi 74 katikati, basi.

ShekilangoBoy
Wewe kuku wako kafungwa plastiki, kasafishwa kiwandani, kalala kwenye friji. Wangu kachinjwa mbele yangu pale Shekilango, kanyonyolewa na kijana mwenye haraka, kapakiwa kwenye mfuko, kapanda bodaboda na mimi hadi Mbezi. Ana manyoya shingoni na bado ana utumbo mmoja umesahaulika. Huyo nisimwoshe? Nyuzi 74 za wapi, mimi nina kipimajoto jikoni?

Msomi_Leeds
Manyoya ng'oa. Utumbo toa. Ukilazimika kutumia maji, mtie kwenye beseni taratibu, usimfungulie bomba likamrukia, halafu sinki na mikono kwa sabuni. Kipimajoto huna, choma kwa kisu penye mfupa. Ukiona bado kuna damu au nyama inang'ang'ania mfupa, rudisha.

ShekilangoBoy
Kwa hiyo nimwoshe.

Msomi_Leeds
Sijasema hivyo.

Nesi_wa_Zamu
Mnabishana wakati wote wawili mnatumia ubao uleule kukatia kuku na nyanya. Nawajua.

BiMwana_Pangani
Wanangu, hiyo oveni mnayoisifia sisi tulikuwa nayo kwenye mkaa. Sufuria nzito, kuku umempaka saumu, tangawizi, chumvi na ndimu tangu asubuhi, mrehani kiganja kimoja, unamfunika kwa mfuniko wa bati na kumpalia makaa juu. Moto juu na chini. Siri yake ni kwamba chini uache makaa machache, mengi yakae juu. Anayeweka sawasawa atamuunguza tumbo na mgongo atautoa mweupe kama maiti. Na ukifunua kutazama, nyanyua mfuniko ulivyo kwa koleo, usiuinamishe, jivu litaingia ukale kuku wa mchanga.

Maji sitii. Kuku anayo maji yake.

KikaangoKimoja
Shikamoo Bi Mwana. Hapo kwenye maji naomba nitofautiane kidogo kwa heshima. Viazi bila maji vinashika chini.

BiMwana_Pangani
Marahaba mwanangu. Viazi vyako vipike pembeni.

KikaangoKimoja
Sasa si vitakuwa vyombo viwili!

Nakuru_Finest
Hapa kwetu nikiwa chuo tuliweka kila kitu kwa sufuria moja, kuku, viazi, dania, royco ya jirani, na tukala kutoka kwa hiyo sufuria. Hakuna aliyeosha kuku, sufuria wala mikono. Tuko hai.

BintiMuheza
Sikutaka kuchangia ila huyo mleta uzi kataja rozimeri.

Mimi ni wa Tanga. Mume wangu kwao ni Kahama. Mnajua wenyewe yanayosemwa kuhusu sisi wa Tanga na jikoni, sina haja ya kurudia. Tulikuwa tumeoana hata mwaka haujaisha, mama mkwe akaja kututembelea na baba mdogo. Nikataka nipike kitu cha kunipa heshima. Kuku wa kienyeji alikuwa wa kuchemsha muda mrefu na mimi nimetoka kazini nimechelewa, nikachukua mapaja ya kisasa, kikaango, vitunguu vya Singida, saumu ya Mbulu ile ndogo kali, na rozimeri niliyonunua dukani kwenye kipakti. Nikatia matawi mawili mazimamazima. Nikapakua vilevile na kikaango mezani, nimekiona kwenye picha, nikaona ndiyo ustaarabu.

Tunakula, wanasifia. Baba mdogo kaongeza. Mara mama mkwe akaacha kutafuna. Akaingiza vidole mdomoni taratibu, akatoa kijiti. Kijiti cheusi, kimekaangika, kina vijani kama sindano vimebaki upande mmoja. Akakiweka ukingoni mwa sahani, akakitazama. Kisha akageuka kwa mwanawe, hata hakunitazama mimi, akasema, "Mwanangu, usimeze."

Mume wangu alikuwa na tonge mdomoni. Akabaki nalo.

Nikaanza kueleza, mama hayo ni majani ya kiungo tu, Wazungu wanatia kwenye nyama. Akaniuliza, "Kiungo gani kinapikwa na mti wake?" Baba mdogo akainuka akaenda kuzama kwenye kikaango na kijiko, akapata cha pili. Sasa vikawa viwili. Baba mdogo akasema viwili ndiyo kawaida, cha mume na cha mke. Kajuaje? Nikakimbilia jikoni kuleta kipakti, kipakti nilikitupa na gari la taka lilikuwa limeshapita mchana. Nikarudi mikono mitupu. Nilivyoona nyuso zao nikachukua kile kijiti pale kwenye sahani nikakitafuna mbele yao chote, kikavu, nikameza. Baba mdogo akatikisa kichwa: "Mwenye dawa huwa amejikinga."

Cha pili mama mkwe alishakifunga kwenye pindo la kanga. Kesho yake asubuhi akaondoka nacho.

Mzee_wa_Mabano
Jamani mimi nililetwa na kuku, sasa siwezi kuondoka.

KikaangoKimoja
Dada endelea, mume alisema nini???

Chai_Inspekta
Hii ni chai. Tena ya rangi. Nani anatafuna kijiti cha rozimeri akakimeza?

BintiMuheza
Chai_Inspekta, usipoamini shauri yako. Nilikuwa na hasira.

DadaWaLushoto
Mimi naamini. Mama yangu mdogo aliachwa kwa sababu ya jani la mbei kwenye pilau.

ShekilangoBoy
Angemwosha kuku yasingetokea haya.

Msomi_Leeds
Hayahusiani kabisa.

FundiGesi_Tabata
Wakati mnasubiri mwendelezo, ushauri wa bure: hivyo vikaango vyenye mpini wa plastiki msiviweke kwenye oveni wala kwa makaa ya juu ya Bi Mwana. Nimeitwa nyumba moja wanasema gesi inavuja inanuka vibaya. Nimepaka povu la sabuni mpira wote, hakuna kitu. Kufungua oveni, mpini umeyeyuka umeteremka hadi chini, kuku yumo ndani anakula moshi wa plastiki. Bado waliniuliza kama analika.

Nakuru_Finest
Na analika?

BintiMuheza
Nimerudi, mtoto alikuwa hajalala. Mume hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko la kijiti. Alilitema lile tonge kwenye tishu, taratibu, kwa adabu kabisa, akanywa maji. Usiku akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu nataka kumwambia. Nikamwambia kipo: kesho upike wewe.

Mama mkwe alikipeleka kijiti kwa mtaalamu huko kwao. Mtaalamu akathibitisha ni kitu kizito, kinatoka baharini upande wa Pemba, na kukitengua ni mbuzi mweusi. Mume wangu akatumiwa ujumbe atume hela ya mbuzi. Hapo ndipo akazinduka, maana mtu mwenyewe ni bahili. Akaenda dukani peke yake, akanunua kipakti kingine, akakipiga picha pande zote akamtumia dada yake akamwonyeshe mama. Mbuzi hakununuliwa.

Tupo pamoja bado. Mama mkwe akija kwangu anakula ugali na maziwa ya mgando, maziwa anakuja nayo.

Chai_Inspekta
Rozimeri haioti baharini, mtaalamu naye kapiga chai.

Zaatari_Muscat
Kila kibaya Pemba. Sisi tumewakosea nini?

DadaWaLushoto
Pole sana mpendwa. Kwa wengine: tawi litoe kabla ya kupakua. Au chambua vile vijani, katakata vidogo kabisa, changanya na chumvi na mafuta umpake kuku, mti utupe. Rozimeri ni kali, kijiko kidogo kinatosha kikaango kizima. Ukizidisha kuku anakuwa na ladha ya dawa ya kuchua, na hapo sijui utajitetea vipi kwa wakwe.

Nesi_wa_Zamu
Ila kama unaishi na wakwe tumia giligilani tu. Hakuna aliyewahi kutuhumiwa kwa giligilani.

BiMwana_Pangani
BintiMuheza mwanangu, pole. Mgeni wa kwanza hupikiwa anachokijua. Kuku wa nazi usingeulizwa kitu.

Mzee_wa_Mabano
Bi Mwana nazi ndiyo wanaitilia kabisa.

BiMwana_Pangani
Nani kakwambia wewe?

Mzee_wa_Mabano
Nimesikia tu.

MfugajiKibaha
Nimechelewa. Nyie mnaolalamika kuku mgumu kikaangoni, mmeuziwa kuku wa mayai aliyeacha kutaga mkaambiwa kienyeji. Huyo na chotara mzee wanataka sufuria na uvumilivu, hawakaangwi kwa nusu saa hata ukitia msitu mzima wa majani. Kisasa wa wiki tano, sita ndiye wa mtindo huu. Na aliyeganda mtoe usiku umweke rafu ya chini ndani ya friji, ukimtia na barafu anatoa maji, ngozi haiwi kavu tena, unachemsha huku unadhani unakaanga.

KikaangoKimoja
Huu ndio mchango nilioutaka tangu jana.

MfugajiKibaha
Nauza pia. Nipo Kibaha Maili Moja.

KikaangoKimoja
Nilijua tu.

ShekilangoBoy
Wakuu, kuku yupo tayari, nimemwosha kwenye beseni na sinki nimepiga sabuni, kila mtu afurahi. Upande huu wa Mbezi nani ana rozimeri mbichi? Ya kipakti imeniogopesha.

BibiBustani_Goba
Njoo Goba, nina uzio mzima wa rozimeri, chuma utakavyo. Ila uje na mkeo akuone ukichuma.