Naenda Chicago siku nne, nianzie wapi kuona majengo?

Mchoraji wa Dunga
Habari zenu. Mimi ni wa Kisumu, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na mwezi wa kumi naenda kwa dadangu Chicago, siku nne tu. Yale magorofa ya chuma na vioo nimeyaona kwa vitabu tangu nikiwa chuo. Sasa dadangu anashinda kazini kwa hivyo nitakuwa natembea pekee yangu na pesa si nyingi, nilipe kupanda ghorofa refu ama kuna kitu bora? Mliofika huko nisaidieni.

Nyar Siaya
Omera, usianze na ghorofa, anza na boti ya mtoni ile yenye mtu anawaelezea majengo. Mto umepita katikati ya mji kwa hivyo unaona mengi ukiwa umekaa, na mtapita Marina City iliyochorwa na Bertrand Goldberg, minara miwili kama magunzi ya mahindi, ghorofa 19 za chini ni magari tu yameegeshwa yakizunguka kwenda juu, watu wanaishi kuanzia hapo. Beba sweta nzito, upepo wa huko sio huu wetu wa Hippo Point.

Fundi Kakamega
Boti sawa, lakini wewe ni mchoraji, nenda Lake Shore Drive namba 860 na 880. Mchoraji wake Ludwig Mies van der Rohe alitoka Ujerumani 1938 akaja kufundisha Chicago, na hizo pacha za ghorofa 26 zikaisha 1951. Songa karibu uangalie vile vyuma vyembamba nje ya vioo. Chuma kinachobeba jengo kimefunikwa na zege kwa sababu ya sheria za moto, basi Mies akachomelea vingine nje ndio mtu aone jengo limejengwa na nini. Mimi nilisimama hapo karibu saa nzima. Kisha panda treni ya Green Line mpaka Crown Hall, jengo lake la chuo la 1956, paa imening'inizwa kwa mihimili minne mikubwa iliyo juu yake na ndani hakuna nguzo hata moja, ukumbi wote uko wazi na wanafunzi wanachora humo. Willis Tower itazame ukiwa chini tu inatosha, mhandisi wake Fazlur Rahman Khan, mtu wa Dhaka, aliisimamisha kama mianzi tisa iliyofungwa pamoja, mingine ikakomea njiani, miwili ndio ikafika ghorofa ya 110.

Mzee wa Milimani
Kijana, usisahau ufuo. Hapa kwetu mara nyingi ukitaka kuona ziwa lazima ununue soda kwa mtu. Kule mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, alianza kuishtaki serikali ya mji 1890, akapigana kotini miaka ishirini ili uwanja wa Grant Park ulio kando ya ziwa usijazwe majengo. Mpaka leo unatembea kando ya maji kilomita na kilomita bila kuulizwa na mtu. Nawaombea watu wa Kisumu kitu kama hicho.

Mchoraji wa Dunga
Asanteni sana, mzee hilo la ufuo sikuwa nalijua kabisa. Nitapita huko jioni nione jua likizama ziwani.

Nyar Siaya
Hapana, kule ziwa liko mashariki. Amka mapema, ufike kabla ya saa moja, utaliona likitoka majini.