Premio 2003 inakula oili: nifungue injini, au niuze nichukue lingine la mkononi?

mkazi_wa_tabata

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua injini na wanaojua soko la magari.

Gari ni Toyota Premio ya 2003, ZZT240, injini 1ZZ-FE cc 1800, otomatiki ya gia nne, odomita 214,000. Inakula oili lita moja kila kilomita 900 hivi. Moshi wa bluu unatoka asubuhi nikiwasha, na unatoka tena nikikanyaga mafuta kupanda mlima. Haichemshi, maji ya rejeta hayapungui, gia zinaingia vizuri. Shokapu za mbele zinavuja. Taa ya injini inawaka, mashine ikasoma P0420, kodi ya masega ya eksozi (kisafisha moshi, catalytic converter) kutofanya kazi vizuri. Bodi sioni kutu.

Makadirio niliyopewa: ovahoo (kufungua injini na kuitengeneza) shilingi 1,700,000 na vipuri vyake, au injini ya mtumba 2,500,000 ikiwa imeshafungwa. Nikiliuza lilivyo napewa 6,500,000. Kuna Premio ya 2006, namba D (herufi za usajili zinaanza na D), dalali anataka 13,000,000. Maana yake nikihama naongeza 6,500,000. Kipi kina akili?

fundi_injini

Mkuu, hicho unachokieleza ni ugonjwa wa 1ZZ-FE unaojulikana. Pistoni zake za mwanzo zina vitundu vichache na vidogo vya kurudisha oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), vilivyo ndani ya mfereji wa ringi ya oili. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, masizi yanaziba vile vitundu, ringi inaganda kwenye mfereji wake, na oili inayobaki kwenye kuta za silinda inaungua pamoja na petroli. Pistoni zilizoboreshwa zilikuja kwenye uzalishaji wa baadaye, kuanzia karibu mwaka 2005.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanapima kompresheni (presha ya kubana ndani ya silinda), namba zinatoka nzuri, wanaambiwa "injini yako nzima, weka oili nzito tu". Ringi mbili za juu ndizo zinazobana kompresheni, ya tatu kazi yake ni kukwangua oili. Ya tatu ikifa, kompresheni inaweza kubaki nzuri kabisa na gari bado likala lita. Kompresheni inakwambia kama silinda na valvu ni nzima. Haikwambii kwa nini oili inaisha.

Kwa hiyo anza na vya bei rahisi. Chomoa PCV valvu (inayopumua presha ya ndani ya injini kwenda njia ya hewa), itikise. Isipogonga ndani imeganda, badilisha. Ikiziba, presha ya injini inasukuma oili kwenye njia ya hewa na utahukumu ringi bure. Kisha tofautisha moshi. Wa asubuhi, pumzi moja halafu unakwisha, huo ni wa valvu sili (mipira inayozuia oili kushuka kwenye valvu). Vilevile ukishuka mlima mguu ukiwa umeachia pedali ya mafuta kisha ukakanyaga, likatoka wingu moja, ni sili. Moshi unaoendelea muda wote unaokanyaga ni ringi. Kwako naona vyote viwili, na kwa umri huo si ajabu.

Halafu pima kompresheni kwa utaratibu: injini ya moto, plagi zote nne nje, fyuzi ya EFI imetolewa ili petroli isimwagike, pedali imekanyagwa mpaka chini, betri imejaa. Kiwango cha chini kwa injini hii ni psi 145, na silinda zisipishane zaidi ya psi 15. Yenye namba ndogo mwagia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana tatizo ni ringi au silinda. Isipopanda ni valvu au hedigasketi.

Kabla ya kufungua chochote, jaribu kulowesha pistoni. Zungusha krenki pistoni zote nne zifike katikati, mwaga dawa ya kuyeyusha masizi kama mililita 50 kila silinda, acha usiku kucha. Asubuhi funika matundu ya plagi kwa kitambaa, piga starta bila plagi ili dawa iliyobaki itoke. Wengi wanakosea hapa: usiwashe na oili ileile. Dawa imeshashuka kwenye sampu na imeifanya oili kuwa maji, beringi zitaumia. Mwaga, weka filta mpya na lita 3.7 za oili mpya, ndipo uwashe. Fanya hivyo mara mbili, katikati utembee kilomita 1,000. Injini nyingine inashuka mpaka nusu lita kwa kilomita 1,000, na hapo unaweza kuishi nayo. Nyingine haishuki kabisa kwa sababu vitundu vimeshaziba kama saruji.

P0420 usiihangaikie sasa. Majivu ya oili yamefunika masega ya eksozi. Ukibadilisha masega leo kabla hujatibu oili, mapya nayo yatakufa.

mnunuzi_makini

Nakubaliana na fundi upande wa injini. Mimi niseme upande wa hiyo namba D.

Kwanza, ni mwili uleule wa T240 kama lako. Ya 2006 inaweza kuwa na pistoni mpya, lakini dalali hawezi kukuthibitishia, na odomita ya gari la mkononi si ushahidi. Uliza kwanza ni injini gani. Mwili huo ulitoka na 1NZ-FE cc 1500, 1ZZ-FE cc 1800, na 1AZ-FSE cc 2000 ya D4. Hiyo D4 inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo haipendi petroli chafu. Valvu za kuingiza hewa nazo zinajaa masizi kwa kuwa petroli haipiti juu yake kuzisafisha. Ukiona neno D4 kwenye kava la injini, jiulize mara mbili.

Pili, hiyo 6,500,000 si gharama yote. Gari la mkononi wiki ya kwanza linataka oili na filta zote, mafuta ya giaboksi, kulanti, mkanda wa nje, pedi za breki, pengine na tairi na betri. Weka akiba ya 1,000,000 hadi 1,500,000 pembeni. Ukilinganisha, pima gari lako likiwa limetengenezwa na lile likiwa limetengenezwa. Usilinganishe bei ya dalali na bei ya fundi peke yake.

Ukienda kuliona, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti, likiwa na joto ahirisha, maana injini ya moto inaficha moshi wa asubuhi na kelele za cheni. Fungua kifuniko cha oili: rangi ya asali ni sawa, ukoko mweusi ni oili iliyokuwa haibadilishwi. Tazama vichwa vya boliti za mafenda na boneti, vikiwa vimekwaruzwa vilishafunguliwa. Nyanyua zulia la shimo la tairi ya akiba utafute mikunjo ya bati. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: matope au ukungu kule ndani ni gari lililopitiwa na maji, na hilo usichukue hata kwa nusu bei, umeme wake hauishi matatizo. Washa swichi bila kupiga injini: taa ya injini, ABS na airbag lazima ziwake kisha zizime. Isiyowaka kabisa imefichwa.

Giaboksi: injini ikiwa ya moto, umekanyaga breki, toa N kwenda D. Lisizidi sekunde 1.2 kushika. N kwenda R lisizidi sekunde 1.5. Linachelewa au linapiga kishindo, punguza bei au ondoka.

Makaratasi: linganisha chesisi namba ya kwenye bodi na kadi ya gari kwa macho yako mwenyewe. Angalia deni la faini za trafiki na la maegesho kwa namba ya gari, kwa kuwa yanafuata gari, hayamfuati aliyeendesha. Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujamaliza kulipa.

Ukiwaza kuagiza nje badala ya hilo, piga hesabu mapema. Gari la cc 1800 lililozidi miaka 10, ambalo TRA wamelithaminisha 10,000,000 likifika bandarini: ushuru wa forodha asilimia 25 ni 2,500,000. Juu ya hiyo 12,500,000 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 na uchakavu asilimia 30, jumla 4,375,000. VAT asilimia 18 ya 16,875,000 ni 3,037,500. Kodi hizo nne peke yake ni 9,912,500, bado ada za forodha, bandari, wakala na usajili. Thamani inayotumika ni ya mfumo wa TRA, risiti uliyolipia Japani haikuokoi. Kwa bajeti yako hiyo njia imefungwa.

mkaazi_wa_likoni

Ndugu, huku Mombasa injini haiui gari, kutu ndiyo inayoua. Hapo uliposema bodi huoni kutu, umeangalia wapi? Lipandishe kwenye rampu. Gonga kwa bisibisi chini ya milango, kwenye matao ya tairi za nyuma, pale springi za nyuma zinapokaa, na juu kwenye minara ya shokapu za mbele. Bisibisi ikizama, usitie hata shilingi kwenye injini, liuze. Bisibisi ikigonga chuma, gari lako lina thamani kuliko unavyodhani. Na magari yaliyotumika Japani kaskazini, kwenye theluji, hunyunyiziwa chumvi barabarani, kwa hivyo hata la namba mpya chungulia chini.

Sisi Kenya haturuhusiwi kuingiza gari lililopita miaka minane, ndiyo maana la zamani lenye bodi nzima watu hulitengeneza hawaliachi.

mkazi_wa_tabata

Asanteni sana wakuu. Nimefanya mlivyosema. PCV ilikuwa imeganda, nimebadilisha. Kompresheni: 178, 175, 172, 176. Rampu: kutu ya juujuu kwenye bomba la eksozi tu, bisibisi haizami popote. N kwenda D inashika mara moja. Nimelowesha pistoni mara mbili, sasa inakula lita moja kwa kilomita 1,300. Injini ya mtumba au kufungua hii?

fundi_injini

Fungua hii. Silinda na valvu zako ni nzima kwa namba hizo, kilichokufa ni ringi za oili. Injini ya mtumba ya 1ZZ unaweza kununua ugonjwa uleule, na dukani ikiwa chini huwezi kuujua. Tena namba ya injini ikibadilika, taarifa za gari TRA nazo zibadilishwe.

Ila usikubali "ovahoo" ya neno moja. Mwambie fundi akuandikie: pistoni nne za toleo lililoboreshwa, saizi ya kawaida, pamoja na ringi zake. Valvu sili 16. Hedigasketi. Beringi za konrodi. Sili ya krenki ya mbele. Oringi ya tenshena (kikaza) ya cheni, ambayo kwenye injini hii huvuja. Mwingine atakwambia atatoboa vitundu zaidi kwenye pistoni zako za zamani. Inafanyika, lakini ukingo wa tundu usiposafishwa vizuri unakwaruza silinda, na tofauti ya bei haistahili hatari hiyo.

Akikwambia atachonga silinda, badilisha fundi. Bloki hii ni aluminiamu yenye maganda membamba ya chuma, si kama 5A au 7A, injini za Toyota zenye bloki ya chuma. Kwa namba zako silinda zinahitaji kupigwa msasa wa honi kidogo tu, michirizi ikatane, kisha zioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Dizeli peke yake haitoi unga wa honi, na unga huo utakula ringi mpya ndani ya miezi.

Hedi ipimwe kwa rula ya chuma na fila (bati nyembamba za kupimia nafasi), isipinde zaidi ya milimita 0.05. Boliti za hedi zinakazwa kwa spana ya torki Nm 49, kisha kila moja inaongezwa nyuzi 90. Boliti za konrodi Nm 20, kisha nyuzi 90. Fundi asiye na spana ya torki asiiguse. Nafasi ya valvu: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.25 hadi 0.35, injini ikiwa ya baridi. Cheni ikiwa haina kelele na tenshena haijafika mwisho, iache.

Oili 5W-30. Usiweke 20W-50, VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) inategemea oili inayopita haraka kwenye njia nyembamba. Baada ya kuwasha usiliache sailensi (linaunguruma limesimama) muda mrefu, tembea nalo ukikanyaga kiasi na kuachia, ringi zikae. Kilomita 1,000 za kwanza usivuke 3,500 kwenye mshale wa rpm, kisha mwaga oili na filta. Baada ya hapo badilisha kila kilomita 5,000. Pima stiki kila Jumapili, gari likiwa baridi na mahali tambarare.

Shokapu za mbele nunua mbili kwa pamoja, na mpira wa juu wa kila moja, kisha alaimenti. P0420 ifute baada ya kilomita 1,000. Ikirudi na gari linakosa nguvu kwenye mlima, masega yameziba, ndipo uyashughulikie.